Rafiki ni Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husemwa sana mbele ya wafanyabiashara, na hapana shaka imewafaa wengi waliokuwa wakikopesha bila kuandika na kutumia bila kuhesabu. Walakini mali ya mwanadamu haianzi katika sanduku la fedha wala haikomi hapo. Siku zake ni mali; nguvu zake ni mali; nia alizozitia moyoni alipokuwa kijana, akasema kuwa ataishi hivi na hatakubali kuishi vile, nazo ni mali. Fedha huandikwa, huhesabiwa na hukaguliwa. Siku na nia haziandikwi. Hupungua kimya kimya, na mwenyewe huja kugutuka wakati kilichobaki ni kidogo na kilichotumika hakijulikani kilitumika wapi.

Hata hivyo, daftari la mali hiyo lipo. Limo katika mikono ya marafiki. Mtu anapokaa na rafiki zake wa zamani, bila haraka na bila shughuli, huwa kama mfanyabiashara aliyefunguliwa vitabu vyake: huona alianza na nini, alikusudia nini, ametumia nini, na amebakiwa na nini. Ndiyo maana kikao kimoja cha marafiki, ambacho hapakutolewa humo wasia wala onyo, huweza kumtikisa mtu kuliko mahubiri mengi aliyoyasikiliza akiwa amekunja mikono.

Kiswahili kina maneno mengi kwa watu wa karibu, na kila neno lina daraja yake. Jamaa ni mtu wa ukoo au wa kundi moja. Mwenzi ni mshirika katika jambo. Rafiki ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni mwenza wa safari. Msiri ni yule awekewaye siri. Mwandani, neno lililobeba neno “ndani” katika tumbo lake, ni yule aliyefika mahali ambapo wengine huishia mlangoni. Waarabu wana usemi kwamba rafiki hutafutwa kabla ya njia. Usemi huo una hekima, maana msafiri aliye peke yake akipotea hana wa kumwambia kuwa amepotea. Huendelea kwenda, na kwenda kwake humdanganya kuwa anakaribia.

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, katika maandishi yake ya maadili yenye vitabu kumi, alitoa viwili vizima, cha nane na cha tisa, kwa ajili ya urafiki. Aliugawa mafungu matatu: urafiki wa faida, urafiki wa furaha, na urafiki wa wema. Wa kwanza hufa faida inapokwisha, na wa pili hufa furaha inapopoa. Wa tatu hudumu, kwa kuwa kila mmoja humpenda mwenzake kwa jinsi alivyo na humtakia mema kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Akaongeza kuwa urafiki wa namna hiyo hutaka muda mrefu, akikumbusha methali ya watu wake kwamba watu hawawezi kujuana mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Mswahili hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Kwake mtu aliyekula chumvi nyingi ni mtu aliyeishi siku nyingi. Na waliokula chumvi nyingi katika sahani moja ndio wanaoweza kushuhudiana.

Mahali pa ushuhuda huo katika miji ya pwani ni barazani. Lamu, Mombasa, Unguja na Tanga, nyumba nyingi za zamani zilijengwa na baraza mbele, iwe ya mawe au ya udongo, ili mwenye nyumba apate kuketi na wenzake bila kuingiza wageni ndani. Baada ya sala ya alasiri, au baada ya isha, watu hukusanyika. Muuza kahawa hupita na dele lake, akagonganisha vikombe vidogo; kahawa huwa chungu, na kashata huitia utamu. Palipo na bao, wawili hucheza na kumi hutazama. Bao lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji kete 32. Katika bao la kiswahili huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Aliye mchezoni huongozwa na tamaa ya kuteka, akasahau nyumba yake iliyo wazi. Watazamaji huiona. Akili zao si kubwa kuliko yake. Ni kwamba wao hawana kete mkononi.

Akina mama nao wana mabaraza yao, ingawa hayaitwi hivyo: ua wa nyumba wakati wa kusukana nywele, sinia la mchele unaochambuliwa siku ya kuamkia arusi, mkutano wa upatu siku ya kutoa mchango. Katika mikusanyiko hiyo mikono hufanya kazi na ndimi hufanya hesabu. Yaliyo mazito ya nyumba nyingi yamewahi kupimwa hapo, kichwa cha mmoja kikiwa magotini kwa mwingine.

Baraza huanza kwa salamu, na salamu za Kiswahili zina jambo la kufikiriwa. “Hujambo?” ni kuuliza kama mtu hana jambo, na jibu ni “Sijambo,” hata nyumba ikiwa inaungua. Jibu hilo ni adabu, wala si uongo. Mpita njia hulipokea akaenda zake. Rafiki hulipokea, akakaa, akanywa kahawa yake, kisha akauliza mara ya pili kwa sauti ya chini. Swali la pili ndilo mwanzo wa hesabu.

Yafaa kuuliza kwa nini kazi hii iwe ya rafiki, wakati mtu anao wengine walio karibu zaidi. Mkubwa wa kazi humjua mtumishi kwa kazi yake, na daftari lake linaonyesha siku za kuhudhuria na siku za likizo. Mke au mume hujua mengi, walakini mara nyingi alimkuta mwenzake njiani, nia zake zikiwa zimekwisha kukunjwa na kuwekwa. Watoto humwona mzazi kama mlima, kitu kilichokuwapo tangu zamani na kisichokuwa na mwanzo. Wazazi waliuona mwanzo, lakini waliuona kwa macho ya matumaini yao wenyewe. Rafiki wa ujana aliuona mwanzo ule ule kutoka kando, akiwa naye anaanza. Alisikia ahadi ambazo hazikuandikwa popote. Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe alitoka mahali pale pale na mkoba mtupu ule ule, akashika njia nyingine. Kwa hiyo maisha yake ni kipimo cha haki. Tajiri wa mtaa wa mbali hawezi kumpima mtu, kwa kuwa mwanzo wake haujulikani na gharama zake zimefichwa.

Na achukuliwe mtu mmoja awe mfano. Jina lake halina haja, kwa kuwa watu wa namna yake ni wengi. Ni mtumishi wa serikali, umri wake miaka 45, mzaliwa wa Tanga, aliyehamia Dodoma katika miaka ile wizara zilipokuwa zikihamia huko, kuanzia mwaka 2016. Amepanda cheo mara tatu. Anajenga nyumba ya pili, ilhali katika nyumba ya kwanza vyumba viwili havijapata kulaliwa. Amerudi kwao kwa hitima ya ami yake, na baada ya watu kutawanyika ameketi katika baraza moja ya Ngamiani pamoja na watatu waliokuwa naye tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Mmoja ni fundi wa mashua, wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, na wa tatu hununua machungwa Muheza akayauza mjini.

Utani huenda na kurudi, kama ilivyo kawaida ya watu waliowahi kuchapwa bakora moja. Mgeni huitwa “bwana mkubwa,” naye hucheka, na ndani yake huona kuwa jina hilo linamfaa. Kisha fundi, pasipo nia mbaya, huuliza, “Yule mdogo wako, ndugu yangu, sasa yupo darasa la ngapi?”

“La nne,” hujibu bwana mkubwa. Halafu husita. “Au la tano. Nadhani ni la tano.”

Hapana anayesema neno. Mwalimu hutazama kikombe chake, kisha hutabasamu na kusema, “Ewe bwana, wakumbuka ulivyokuwa ukimsema marehemu baba yako hapa hapa?”

Hukumbuka. Baba yake alikuwa mtu wa reli, akionekana nyumbani siku chache katika mwaka, akileta mkate na nguo, akiondoka kabla mtoto hajaizoea sauti yake. Katika baraza hiyo hiyo, akiwa na umri wa miaka 19, kijana yule aliapa mbele ya wenzake watatu kuwa hata akiwa maskini, watoto wake hawatakuwa wageni kwake. Alikuwa amekisahau kiapo. Kilikuwa kimehifadhiwa na watu watatu, ambao miaka 26 hawakukidai, na ambao hata jioni hiyo hawakukidai. Waliuliza habari za mtoto tu, kahawa ikamiminwa tena, na maneno yakageukia bei ya machungwa.

Kilichomshika usiku huo kilikuwa zaidi ya aibu ya darasa la nne na la tano. Alikuwa amemwona fundi, ambaye mwaka huo alikataa kazi ya mashua ya tatu iliyokuwa na fedha nzuri, kwa sababu mama yake mzee hawezi kuachwa mchana kutwa. Fundi huwa hashiki chombo kipya kabla cha kwanza hakijatiwa kalafati, na maisha yake ameyaongoza kwa kanuni hiyo hiyo. Nyumba yake ina bati lenye kutu. Bwana mkubwa alipoingia mjini alilitazama bati hilo kwa huruma. Sasa alikuwa akiulizwa na nafsi yake nani kati ya wawili hao ndiye aliyestahili huruma, na hakuwa na jibu la haraka.

Hadithi za mafundisho zingemwachisha kazi mtu huyo na kumrudisha kwao akalime. Mambo hayawi hivyo. Ada za shule zinalipwa na mshahara ule ule unaomtenga na watoto. Lililomkinika ni dogo, na lina bei yake: kuisimamisha nyumba ya pili, na kuikataa nafasi ambayo ingemweka safarini nusu ya mwaka. Aliyekuwa chini yake atapewa nafasi hiyo, na baadaye atakuwa mkubwa wake. Asiyekuwa tayari kulipa bei ya namna hiyo hajabadili mpango wa maisha yake. Amesikitika tu, na masikitiko hayana gharama.

Jambo hili si la pwani peke yake, wala si la wakati huu peke yake. Michel de Montaigne, mwanasheria wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1533, alikuwa na rafiki aliyeitwa Étienne de La Boétie, mwenzake katika baraza la sheria la Bordeaux. La Boétie alikufa mwezi wa Agosti 1563, akiwa na umri wa miaka 32, Montaigne akiwa karibu na kitanda chake, na vitabu vyake akamwachia rafiki huyo. Mwaka 1568 Montaigne alifiwa na baba yake, akarithi shamba na ngome ya ukoo. Mwaka 1570 aliiacha kazi ya sheria. Na mwaka 1571, akitimiza miaka 38, alijitenga katika mnara wa nyumba yake, vitabu vya marehemu vikiwa miongoni mwa vitabu vyake. Kabla ya kuanza kuandika yake, alizitoa kwa chapa kazi za rafiki yake. Insha zake mwenyewe zilitoka mwaka 1580, na mojawapo ni juu ya urafiki.

Urithi wa baba ulimwezesha kujitenga, na hilo halifai kusahauliwa, kwa kuwa si kila mwenye majonzi ana ngome ya kukimbilia. Walakini namna aliyoutumia upweke huo huonyesha mtu aliyepungukiwa na mwenzake wa kusema naye: alikaa akazungumza na karatasi, akajihesabia kila tabia yake, kama aliyelichukua daftari lililokuwa mkononi mwa mwingine akalazimika kuliandika mwenyewe. Wala upweke huo haukuwa wa kukimbia watu, maana kuanzia mwaka 1581 hadi 1585 alikuwa meya wa Bordeaux. Alibadili mahali pa kila kitu katika maisha yake. Cheo kikaja kwa zamu yake, nacho hakikuketi tena katika kiti cha mbele.

Yupo atakayepinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema kuwa watu wengi hutoka katika vikao vya marafiki wakiwa wamechomwa na kijicho, wala si wenye hekima. Mmoja ameona gari la mwenzake, akaenda kukopa. Mwingine amesikia arusi ya mtoto wa mwenzake ilivyopambwa, akauza kiwanja. Methali isemayo mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, imewaponza waliodhani maana yake ni kunyoa kila mtindo uliomo mjini.

Tofauti imo katika swali ambalo mtu huondoka nalo. Mwenye kijicho huuliza, “Ana nini?” Mwenye kutafakari huuliza, “Ameacha nini ili awe na alicho nacho, na mimi nimeacha nini?” Swali la kwanza hutazama mapato peke yake, na daftari lenye upande mmoja ni la ulaghai. Swali la pili hutazama pande zote mbili. Nalo swali hili haliwezi kujibiwa kwa kumtazama mtu kwa mbali siku ya sherehe; hujibiwa kwa kukaa naye mpaka aseme yanayomuuma. Gari huonekana barabarani na kila mtu. Usiku ambao mwenye gari hakulala, rafiki ndiye anayeusikia.

Ndipo lilipo suala la muda. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2018, alikadiria kuwa watu waliojuana kwa sura huhitaji saa zipatazo 50 pamoja ili waanze kuwa marafiki wa kawaida, saa zipatazo 90 ili wawe marafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili wawe wandani. Chuo cha Harvard kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya vijana wake 268, na baadaye yakaunganishwa na maisha ya vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston. Baada ya miaka mingi ya kuwapima damu na kuwauliza maswali, ilionekana kuwa walioridhika na uhusiano wao na watu walipokuwa na umri wa miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika miaka 80. Wazee wa barazani walilijua jambo hilo bila kupima damu ya mtu. Faida ya hesabu hizo ni kumnyang’anya mtu wa leo udhuru wake, kwamba kukaa na marafiki ni kupoteza wakati.

Udhuru mwingine ni simu. Siku hizi kila kundi la watu waliosoma pamoja lina kundi la WhatsApp, na huko hupelekwa salamu za Idd na Krismasi, picha, michango ya arusi na rambirambi. Ni neema, na maiti wengi wamezikwa kwa heshima kwa sababu ya michango hiyo. Lakini katika simu mtu hujibu “Sijambo” kwa kidole, na hapana anayeuona uso wake anapojibu. Swali la pili halina mahali pa kukaa. Zamani waliotengwa na masafa waliandikiana barua, na barua ilimtaka mwandishi akae na nafsi yake saa nzima. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, na barua hizo zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2002. Humo ndugu wa ukoo amekuwa pia rafiki, na daftari ambalo kwa kawaida halina karatasi likapata karatasi.

Kwa watu wengine wote halina karatasi, na hapo ndipo penye hatari. Kila rafiki wa ujana anapokufa, hufukiwa pamoja naye ushahidi ambao hauna nakala. Mtu wa miaka 45 ambaye hujiambia kuwa atawatembelea wenzake atakapostaafu huahirisha kufungua kitabu ambacho kila mwaka huchanwa ukurasa. Huenda akafika siku hiyo na nyumba mbili, pensheni na nafasi tele, akakuta baraza tupu. Na hapo hatakuwapo wa kumwambia alikuwa nani kabla hajawa bwana mkubwa.

Wanafunzi walio katika mabweni leo hawana haja ya kuhuzunishwa na maneno haya. Wao wamo katika miaka ambayo daftari huandikwa, na waandishi wake ni wale wale wanaogawana nao chai usiku wa kuamkia mtihani, wakijadili dunia itakavyotengenezwa. Mengi wasemayo hayatakuwa. Machache ni kweli ya nafsi zao, iliyosemwa kabla mshahara haujaanza kuwafundisha kusema mengine. Wayaseme kwa sauti, mbele ya watu wanaowapenda. Na baada ya miaka 20 wawatafute watu hao, waketi, wanywe kahawa, na wasiondoke upesi pindi swali la pili likiulizwa.